Mlima Unaopitwa kwa Gari

Kuanzia Juni hadi Oktoba, wageni wanapokuwa wengi, magari ya watalii hutoka Moshi mjini kila asubuhi na kushika njia za kupanda: Marangu, Machame, Umbwe. Juu yamefungwa mabegi. Ndani wamekaa wapagazi, wapishi na wageni waliolala hotelini usiku mmoja tu. Kwa muda wa saa moja hivi dirishani hupita kijani kisichokatika: migomba, mibuni, ua wa masale, paa la bati, kanisa, duka la vocha, migomba tena. Wageni wengi husinzia. Wanaoelekea Marangu huamshwa getini, kwenye kimo cha karibu mita 1,900, wakajiandikisha kwenye daftari, na kwao Kilimanjaro huanzia hapo.

Nataka kuitetea ile saa moja ya usingizi. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya mlima inayostahili zaidi kutembelewa kwa miguu, na ndiyo pekee ambayo mtu hawezi kuieleza bila kuwataja wenyeji wake. Kule juu, kwenye mawe na barafu ya kilele cha Kibo, binadamu ni mpita njia. Huku chini, kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, ni nadra kukuta kitu ambacho hakikupitia mkononi mwa mtu. Mti mkubwa umesimama kwa sababu aliyefyeka msitu aliamua kuuacha. Kijito kinachokatiza kijia si kijito, ni mtaro uliochimbwa kwa jembe kabla Mzungu wa kwanza hajaiona theluji ya Kibo. Na kijia chenyewe, mara nyingi, ni ukingo wa mtaro huo.

Ramani nyingi za mlima hazisemi hivyo. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, UNESCO ikaitangaza kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987, na msitu unaouzunguka mlima ukaingizwa ndani ya hifadhi mwaka 2005. Mstari wa mpaka ukachorwa pale msitu unapokutana na migomba. Juu ya mstari pakapewa jina, viingilio na askari. Chini ya mstari pakabaki kuwa makazi ya watu, ambayo kwa lugha ya utalii maana yake ni barabara ya kwenda getini. Ilichukua hadi mwaka 2011 ndipo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likautambua mfumo wa kihamba katika kijiji cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Wasomaji wangapi wamewahi kuliona tangazo la safari lenye jina la Shimbwe Juu?

Tuanze na kihamba basi, kwa sababu njia zote zinapita humo.

Kihamba ni kiwanja, shamba na kaburi kwa pamoja. Nyumba iko katikati, banda la ng'ombe liko pembeni, na migomba inavizunguka vyote viwili hadi kwenye ua wa jirani. Walioanza kulima hapa hawakuung'oa msitu wote. Waliacha mringaringa kwa ajili ya mbao na kivuli, wakaacha mruka ambao majani yake yanaporomoka na kuwa mbolea, wakaacha msesewe ambao gome lake linatiwa kwenye pombe ya mbege. Chini ya miti hiyo wakapanda migomba, chini ya migomba ikaja mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage na mboga. Ni ghorofa, na kila aliye ghorofa ya chini anaishi kwa mwanga uliomwagika kutoka juu. Ng'ombe hawachungwi. Wanafungwa bandani na kuletewa majani, mengine yakibebwa kichwani na akina mama kutoka tambarare, na samadi yao inarudi kwenye shina la mgomba.

Eneo lote la vihamba kwenye mlima limewahi kukadiriwa kuwa kilomita za mraba zipatazo 1,200, na kihamba cha wastani hakifiki hata hekta moja. Utafiti wa miaka ya 1980 uliweka wastani huo kwenye hekta 0.68. Ukubwa huo haumtishi mtu. Lakini mtaalamu wa mimea wa Kijerumani Andreas Hemp, aliyeufanyia mlima huu utafiti kwa miaka mingi, alihesabu zaidi ya aina 500 za mimea kwenye vihamba, nyingi kati yake zikiwa hazikupandwa na mtu. Zimejiotea, na mwenye shamba hakuona sababu ya kuzing'oa. Anayetembea polepole ataona jinsi jambo hilo lilivyo: okidi ya mwituni imekaa kwenye shina la mruka, na chini yake kamba ya kuanikia nguo za shule.

Sasa njia. Atokaye mjini akitafuta njia ya kutembea Uchagani hutafuta kibao, kwa mazoea, na hakioni. Vijia vipo kwa wingi kupita kiasi. Vinapita kati ya nyua za masale, vinazunguka nyumba, vinaingia uani kwa watu, vinatokea nyuma ya jiko na kuendelea. Sale, mmea ule wenye majani marefu yaliyoinama, ndiyo alama ya mpaka kati ya kihamba na kihamba; ndiyo hupandwa kaburini, na jani lake ndilo alilopelekewa mtu kuombwa msamaha. Kutembea kati ya masale, kwa hiyo, ni kutembea kwenye mpaka wa watu wawili, kwa idhini ya wote wawili. Unasema hodi hata kama huoni mlango. Mzee unamwamkia shikamoo kabla hujauliza njia, na wanaojua watamwita meku. Ukiitwa mangi, yaani chifu, na kijana wa bodaboda, usivimbe kichwa: umangi ulifutwa na serikali mwaka 1963, na tangu hapo kila mwanamume wa Moshi mwenye nauli ni mangi.

Vijia vinavyokwenda moja kwa moja kutoka juu hadi chini ni vya soko, kanisa na shule. Vinavyokata mlima kwa ubavu, vikipinda na kila bonde bila kupanda wala kushuka, ni vya maji.

MAJI YANAYOPANDA KWA KUSHUKA

Mgeni huuliza swali lenye akili: huku kunanyesha, masika Machi hadi Mei, vuli Novemba, mvua nyingi kupita sehemu kubwa ya Tanzania, mitaro ya kumwagilia ya nini? Jibu liko kwenye umbo la mlima. Ubavu wa kusini wa Kilimanjaro umekatwa na mito, Karanga, Weruweru, Kikafu, Rau, Himo na mingine, na kila mto umejichimbia korongo. Watu wanakaa juu ya migongo iliyo kati ya makorongo. Mama anayeishi hapo anausikia mto usiku kucha, lakini mto uko chini yake kwa kina cha kumchosha mtu mwenye ndoo. Na kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua ikikatika, ndipo ulezi wa mbege ulipohitaji maji zamani, na ndipo migomba inapohitaji maji hadi leo.

Wachagga hawakuyapandisha maji. Waliufuata mto kwenda juu, wakapita nyumba ya mwisho, wakaingia msituni, hadi mahali ambapo maji ya mto yako juu kuliko nyumba zao za chini. Hapo wakatengeneza banio: mawe, magogo, matawi, udongo na magamba ya mgomba, kiasi cha kugeuza sehemu tu ya maji. Kisha wakachimba mtaro ubavuni mwa korongo, ukishuka taratibu kuliko mto wenyewe. Mto unakimbilia chini, mtaro unabaki nyuma, na kila hatua tofauti ya kimo kati yao inaongezeka, mpaka mtaro unachomoza juu ya mgongo wa kilima, kwenye shamba, wakati mto uko mbali kule bondeni. Huo ndio mfongo.

Ugumu wote uko kwenye mteremko. Mfongo ukishuka kwa kasi, maji hula kingo na mwaka wa pili huna mtaro, una korongo jipya. Ukishuka kidogo mno, mchanga unatuama na maji yanafurika pasipotakiwa. Waliochimba hawakuwa na darubini ya mpima ardhi. Walichimba kipande, wakaachia maji, wakatazama yanasemaje, wakachimba tena. Palipokuwa na mwamba walizunguka au walilaza magogo yaliyochimbwa katikati ili maji yavuke hewani. Mwishoni mwa mifongo mingi kulikuwa na nduwa, bwawa dogo la udongo linalojazwa usiku, wakati hakuna anayemwagilia, na kufunguliwa asubuhi. Majirani zao Wapare wana mabwawa ya namna hiyo hiyo, wanayaita ndiva, na atakayepanda Usangi au Ugweno ataona baadhi yao yakiwa bado yanafanya kazi.

Mfongo ulikuwa na mwenyewe. Aliyeanzisha kuchimba aliupa jina lake au la ukoo wake, na kizazi chake kilikuwa na sauti ya kwanza kwenye maji. Waliokuja baadaye walipata zamu, asubuhi au alasiri, siku hii au ile, kwa sharti moja: uje kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya mfongo. Banio hubomolewa na mafuriko kila masika. Mtaro hujaa majani na matope. Mkuu wa mfongo alipoitisha kazi, asiyekuja alitozwa faini, na mbege haikukosekana kwenye faini hizo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kitabu kizima kikubwa kuhusu sheria za Wachagga. Ukivitazama vijia hivi unaelewa kwa nini kilikuwa kikubwa: watu wanaokunywa maji yaliyopita kwanza uani kwa jirani hawawezi kuishi bila sheria.

Wageni wa mwanzo waliyaona haya yote, tena kwa mshangao. Johannes Rebmann alifika mwaka 1848 na kupeleka Ulaya habari za theluji, ambazo wakubwa wa jiografia wa London walizicheka. Charles New alifika kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1871, akapanda hadi kwenye mstari wa theluji. Harry Johnston alikaa mlimani miezi kadhaa mwaka 1884 na kitabu chake kikaisifu mitaro ya Wachagga. Halafu Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni, na tangu siku hiyo macho ya dunia yakahamia juu. Sidhani yamewahi kushuka tena.

NJIA TATU, KWA ANAYETAKA KWENDA

Ningemshauri mtu aanzie Old Moshi, kilomita chache juu ya mji, ambako barabara inapanda hadi Kidia na Tsuduni. Huko ndiko alikotawala Rindi na baada yake mwanawe Meli. Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake tarehe 2 Machi 1900. Kichwa chake kinasemekana kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake ungali unakitafuta. Mahali pa kunyongwa pana kumbukumbu, pamezungukwa na kijani kile kile cha migomba. Kutoka hapo vijia vinaelekea makorongoni, na unaweza kuufuata mfongo kwa muda mrefu, mkono mmoja ukiwa upande wa mlima na mwingine upande wa bonde.

Njia ya pili ndiyo maarufu, Materuni, upande wa Uru. Watalii wa siku moja huletwa hapa kuona maporomoko yanayokadiriwa kuwa na urefu wa mita 80, kisha kukaanga na kutwanga kahawa kwa nyimbo. Sina ugomvi na nyimbo. Ugomvi wangu ni kwamba wanapitishwa mbio kando ya migomba na mitaro ili wawahi maporomoko, kazi ya Mungu, ambayo ingewangoja.

Ya tatu ni Marangu na Mamba, na hapa njia zina kumbukumbu ya hofu. Kabla ya Wajerumani mlima ulikuwa na umangi mwingi, kila mmoja kwenye mgongo wake kati ya makorongo mawili, na walivamiana kwa ng'ombe na mateka. Misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilileta bunduki na nguo, ikachukua pembe za ndovu na watu. Marangu mgeni huonyeshwa mahandaki yaliyochimbwa chini ya ardhi ili wanawake, watoto na mifugo wajifiche wakati wa vita. Ukitoka humo, mita chache tu, unarudi kwenye kijia cha masale na mtoto anakusalimia. Mtu huhitaji kutembea hatua kadhaa kimya kabla hajajibu vizuri.

Na wanawake, katika habari zote hizi, wasidhaniwe walikuwa kwenye mahandaki tu. Kazi ya mfongo ilihesabiwa ya wanaume, lakini njia za soko ni za akina mama. Masoko ya mlimani hufanyika kwa siku zinazopishana, na siku ya soko, Mwika au Marangu, kijia kinajaa mikungu ya ndizi za mshare inayotembea juu ya vichwa. Mwenye mzigo hapishi. Anayepisha ni wewe uliyekuja kutalii.

KAHAWA ILIVYOPANUA NJIA

Mandhari iliyotengenezwa na watu haikomi kutengenezwa, na aliyeibadilisha kihamba kuliko wote katika miaka mia iliyopita ni mbuni. Wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema waliuleta mwishoni mwa karne ya 19. Ulipenda kivuli, ukaingia chini ya mgomba kana kwamba nafasi ilikuwa imeachwa kwa ajili yake. Mwaka 1925 wakulima Waafrika wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake, walowezi wa Kizungu wakanung'unika sana. Mwaka 1933 chama kikawa ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ilijenga shule, makanisa ya mawe na zile barabara za gari ambazo leo wageni husinzia juu yake. Tunaosema Mchagga anapenda elimu tungeongeza kwamba kwa miongo kadhaa aliweza kuilipia.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unadhibiti soko la kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Wenye mibuni wakaiacha ikazeeka. Wengine wakaing'oa kimyakimya wakapanda mboga zinazotaka jua, na jua likitakiwa, mringaringa hukatwa. Anayetembea leo anaweza kuisoma bei ya kahawa ya miaka ya nyuma kwa kutazama juu: palipo na kivuli kizito palikuwa na subira, palipo na anga tupu na nyanya palikuwa na ada ya shule.

Ardhi nayo imekwisha. Zamani mtoto wa kwanza alipooa alikatiwa kihamba chake, wa mwisho akabaki na nyumba ya wazazi. Mlima hauna tena mahali pa kukata. Vihamba vinagawanywa mara ya tatu, ya nne, mpaka ghorofa za miti hazina pa kusimama, na vijana wanashuka Moshi, Arusha, Dar es Salaam. Kazi ya mfongo ilihitaji vijana.

Hapo ndipo mifongo mingi ilipoanza kufa. Maji ya bomba yalipofika, haja ya kunywa kutoka mtaroni iliisha, na kwa wengi haja ya msaragambo iliisha nayo. Serikali nayo ina hesabu zake: maji ya mlima yanatakiwa na mashamba ya mpunga ya Moshi chini, na bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya mto Pangani. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991, inataka kila mfongo uwe na kibali. Mainjinia huutazama mtaro wa udongo wakaona uvujaji. Hawakosei, unavuja. Lakini maji yanayovuja huingia kwenye mizizi ya mti ulio chini ya ukingo, na huko bondeni hutokea kama chemchemi ya mtu mwingine. Mwenye mita ataita upotevu, na mwenye chemchemi hajaulizwa.

Nikiwa hapo, niseme jambo moja kuhusu barafu. Kila mwandishi anayekuja Kilimanjaro huililia barafu ya Kibo, na kweli inakwisha: kati ya 1912 na 2007 sehemu kubwa, karibu asilimia 85 ya eneo lake, ilitoweka. Ila mfongo haunywi barafu. Mvua nyingi zaidi ya mlima hunyesha ndani ya msitu, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, na msitu ndio unaoihifadhi na kuitoa polepole kwa mito. Barafu ikiyeyuka yote, mito itaendelea kwa kiasi kikubwa kama ilivyo. Msitu ukiungua, haitaendelea. Picha za barafu zinauza magazeti zaidi, hilo nalijua.

WENZETU WALIFANYAJE

Katika kisiwa cha Madeira, mali ya Ureno katikati ya Atlantiki, kuna mitaro ya maji inayoitwa levada. Ilianza kuchimbwa karne ya 15, baadhi ya wachimbaji wakiwa watumwa, ili kutoa maji upande wa kaskazini wenye mvua na kuyapeleka kwenye miwa ya kusini. Leo jumla yake inazidi kilomita 2,000. Kando ya kila levada kulikuwa na kijia cha mtu wa kuikagua. Watalii waligundua kwamba kijia hicho hakipandi wala hakishuki, kinapita kwenye mandhari nzuri, na hakipotezi mtu kwa sababu maji yanakuongoza. Sasa watu hupanda ndege kutoka Ulaya kote kwenda kutembea kando ya mitaro, na mitaro yenyewe bado inamwagilia migomba. Naam, migomba. Kwingineko, umwagiliaji wa asili wa nchi saba za Ulaya, Uswisi ikiwemo, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023.

Sisi tuna Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambako matuta ya mawe na mitaro ya maji iliachwa karne ya 18 na waliokuwa wakilima hapo wakatoweka. Na jirani zetu wa Kenya wana mifereji ya Wamarakwet kwenye ukingo wa bonde la Kerio. Kilimanjaro ndiko kwenye mtaro wenye maji, wenye watu, na wenye uwanja wa ndege mkubwa usiozidi saa moja na nusu kwa gari.

Tofauti na Madeira ni moja, na ni kubwa. Levada nyingi zimetiwa saruji. Mfongo ni udongo, na kijia ndio ukuta wake. Kundi la watu kumi wenye viatu vya mlimani wakipita kwenye ukingo uliolowa, alasiri hiyo hiyo maji yanaanza kutoroka, na atakayeamka usiku kuziba ni mwenye zamu ya kesho. Kwa hiyo siungi mkono wazo la kuchora tu njia kwenye ramani na kualika watu. Utalii wa kitamaduni umekuwepo mlimani tangu miaka ya 1990, ulipoanzishwa kwa msaada wa shirika la Waholanzi SNV, na vikundi vya vijana waongozaji vipo Marangu, Machame na kwingineko. Fedha ya mgeni humfikia mwongozaji, mwenye kahawa, na wakati mwingine ofisi ya kijiji. Wanaozibua banio sijawaona kwenye mgawo. Sharti la zamani lilikuwa wazi, anayetumia mfongo anafanya kazi ya mfongo, na mguu ni matumizi. Mgeni asiyeweza kushika jembe alipe siku ya mtu atakayeshika, na alipe kwa kikundi cha mfongo huo alioukanyaga.

Anayetaka kwenda mwenyewe, aende Juni au Julai, masika ikiwa imepita na ukingo umeshika. Avae viatu vyenye soli ya meno, atembee na mwenyeji, apite upande wa mlima wa mtaro pale panapowezekana. Asubuhi ni bora. Mchana wingu hushuka na migomba hudondosha maji hata kama hakunyeshi. Akipewa mbege kwenye kibuyu asiikatae yote.

Au aende Desemba, kama anapenda kelele. Wiki ya Krismasi mlima hujaa: magari yenye vumbi la Dar es Salaam hupangwa kwenye nyua za masale, mbuzi huchinjwa, ndugu waliotawanyika mwaka mzima hukaa vikao vya ukoo chini ya migomba. Ajenda ni zile zile, mpaka wa kihamba, ada ya mtoto wa marehemu, kaburi la babu. Kwenye koo ambazo mfongo wao bado una maji, huwa kuna mchango wa saruji au wa kulipa vibarua wa kuzibua, na mchango huo hujadiliwa kwa muda mrefu na watu ambao kabla ya tarehe 2 Januari watakuwa wamesharudi mjini.